Kipande Kilichohama

2 Machi

Kipipa mwanangu,

Barua huanza kwa kusema mwandishi ni mzima, hofu iko kwa msomaji. Mimi si mzima. Moyo umepanuka, miguu imejaa maji, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Lakini hofu iko kwako kweli, ndiyo maana naandika.

Shangazi yako ameniambia una mimba. Alifurahi, akakusifu kwa kuthubutu ukiwa na miaka arobaini, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba Mungu akipenda damu ya mama yako haitamfuata mtoto. Nilikuwa na kijiko cha supu mdomoni. Nilikirudisha bakulini.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Sauti yangu imebaki mnong'ono, na kila simu inayoingia nyumba hii shangazi yako huiweka kwenye spika ili naye achangie. Barua hii anaipeleka posta muuguzi anayekuja kunipima presha. Jibu lako lipitie kwake, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Zinazokuja hapa nyumbani shangazi yako huzifungua mwenyewe, akidai macho yangu hayafai tena.

Mdogo wako, yule tuliyemwita Bosi kwa jinsi alivyokuwa akikaa mapajani mwa watu kama anayengoja kuletewa faili, alikufa kwa uvimbe wa ubongo akiwa na mwaka mmoja na nusu. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Wakati ule nilikuwa fundi wa maabara ya kromosomu katika hospitali alikolazwa. Kromosomu ni nyuzi zilizomo ndani ya kila seli, zinazobeba maagizo ya kumjenga mtu. Ziko jozi ishirini na tatu, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama, nasi huzipa namba kufuata ukubwa. Tulikuwa tunaotesha seli za damu chupani kwa siku tatu, tunazipiga picha kupitia hadubini, tunasafisha picha, halafu tunakata kromosomu mojamoja kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi kwenye kadi, kila moja na mwenzake. Wenzangu waliniita Mkasi. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo, wala haina gundi kwenye kucha.

Katika damu ya mdogo wako, aliyozaliwa nayo, namba ishirini na mbili moja ilikuwa imepungukiwa kipande kidogo. Katika uvimbe wake, ile nyingine iliyokuwa nzima ilikuwa imepotea kabisa. Ikabaki ile pungufu peke yake. Tulikuwa tumeanza kuona watoto wadogo wenye uvimbe wa aina ile wakipoteza ishirini na mbili. Baadaye wataalamu walieleza kwamba ndani ya kipande kile kuna agizo linalozuia seli zisizaliane ovyo. Kwa Bosi agizo hilo halikubaki popote.

Mtoto akikutwa na upungufu wa kuzaliwa, hupimwa wazazi. Niliwatoa damu baba yako na mama yako kwa mikono yangu. Ya mama yako haikuota chupani. Ya baba yako iliota, na nilipoipanga nikaona kwamba kipande kile kilikuwa kimechomoka kwenye ishirini na mbili yake moja, kikaingia katikati ya namba nne. Ni kama ukurasa uliotolewa kitabu kimoja ukatiwa ndani ya kingine. Rafu haijapoteza kitu, kwa hiyo baba yako hakuugua. Lakini mzazi humpa mtoto nakala moja tu ya kila kitabu. Bosi alipewa kile kilichochomolewa ukurasa, bila kile kilichouficha.

Sikuandika nilichokiona. Nilichukua picha ya mtu mwingine mwenye afya, nikakata nne zake na ishirini na mbili zake, nikazibandika kwenye kadi ya baba yako. Daktari mkuu alitia sahihi bila kuhakiki, kwa kuwa ni kazi ya Mkasi. Ripoti ikasema: baba, kawaida, mama, hakuna matokeo. Nafasi iliyobaki wazi bibi yako aliijaza mwenyewe. Mwaka haukuisha mama yako akarudishwa kwao, wewe ukabaki nasi.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya baba yako. Alikuwa ametoka kuzika mtoto, nikaona hatahimili kusikia kwamba upungufu umetoka kwake.

Huenda na wewe unacho kipande kilichohama. Nenda ukapimwe damu wiki hii. Ukikutwa nacho, wapime na maji ya mimba. Waambie watazame namba nne na ishirini na mbili kwa makini, wasipitishe macho tu. Una muda, ila si mwingi.

Baba yako mkubwa


9 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako niliisoma kazini, nimekaa juu ya jiwe la mpaka ambalo wenye kiwanja walikuwa wakigombania tangu asubuhi. Niliwaacha wagombane. Nikaisoma tena nyumbani kwa sauti. Mwenzangu aliniuliza kama huyu mzee ndiye anayesema au ni dawa zake.

Nimekwenda. Daktari wa kliniki, kijana mwenye haraka, aliniambia kwa umri wangu wangenishauri vipimo vya mimba hata hivyo. Nilipomtajia nne na ishirini na mbili, haraka ikamwisha. Akauliza nani kaniambia. Nikasema baba yangu mkubwa, amestaafu. Akaniomba nirudie, akaandika. Majibu ya damu ni wiki mbili na kitu. Mimba ina wiki kumi na tano.

Nimekuwa nikiwaza habari ya baba. Kama ulitaka kumpunguzia mzigo, hilo naweza kulielewa. Alikuwa akiketi mlangoni pa chumba cha Bosi hata miaka mingi baadaye. Kwa upande wake pengine nakushukuru.

Lakini ujue na mimi nilivyoishi. Mama alipoondoka alibeba sanduku moja na kichwa cha cherehani, miguu ya cherehani mkaibakiza. Nikiwa na miaka kumi na miwili alinifuata shuleni. Bibi alikuwa ameshaniambia damu yake inaua watoto, nami kwa akili za mtoto nikadhani inaambukiza. Nilivuta mkono wa sweta ukafunika vidole, ndipo nikampa mkono. Aliona. Nilipoolewa sikumwalika. Na miaka kumi na minane nimekataa kuzaa kwa sababu yake. Hii mimba ilitushtukiza tu, kisha nikashindwa kuichukia.

Nina maswali mawili, unijibu bila kuzunguka. Kazi yangu ni kupima viwanja, na kipimo kisichofungamana, kisichorudi kilipoanzia, hunikosesha raha. Damu ya mwanamke mwenye afya inakosaje kuota chupani? Na wewe, uliyetoka tumbo moja na baba, ulijipima?

Kipipa


13 Machi

Kipipa,

Muuguzi aliniletea barua yako ndani ya mkoba wa kipimo cha presha. Alinipima nilipokwisha kuisoma, akakunja uso, akapima tena.

Nilidhani ninaweza kukiri nusu nikafa na nusu. Umenikamata.

Chupa ya mama yako iliota. Iliota vizuri kuliko zote za wiki ile. Nilihesabu seli ishirini, zote kamili, kila namba mahali pake, hakuna kilichopungua wala kuhama. Kisha nikaimwaga kwenye sinki nikafungulia bomba, nikaandika kwenye daftari kwamba seli hazikugawanyika.

Utauliza faida yake. Kama ningeandika wazazi wote wawili ni kawaida, mama yako asingelaumiwa na mtu. Daktari mkuu angesema upungufu umeanzia kwa mtoto mwenyewe. Lakini namjua mtu yule. Mtoto pungufu wa wazazi kamili ni jambo la kuandikwa kwenye majarida. Angeomba damu upya, angezipeleka maabara nyingine zikahakikiwe, na kadi yangu ingeumbuka. Nilihitaji faili lenye upande mmoja mtupu, faili lisilomvutia mtu. Mama yako ndiye upande ule mtupu.

Sasa swali la pili. Ndiyo. Siku mbili baada ya kuona ya baba yako, Jumapili mchana maabara ikiwa haina mtu, nilijitoa damu mkono wa kushoto. Ninacho. Nilikiona kwenye seli ya kwanza, nikaendelea kuhesabu hadi ya thelathini kama mtu anayetafuta funguo mfukoni alimokwisha kutazama.

Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa hesabu, mcheshi, mwenye mwandiko mdogo kama wa chungu. Tulikuwa tumebakiza miezi minne. Kadi ya kweli ya baba yako ingefanya ndugu zake wote waitwe kupimwa, na jina langu lingeandikwa na wenzangu, kwenye daftari langu, mezani kwangu. Ndiyo sababu. Baba yako hakuniomba kitu wala hakujua kitu hadi anaingia kaburini miaka minne iliyopita. Angehimili. Alikuwa imara kuliko mimi. Nimemtumia miaka yote hii kama mwavuli, na juzi nilimtumia tena kwako. Ile shukrani yako irudishe.

Ilipofika mwezi wa mwisho nilishindwa kumtazama yule mwalimu usoni, nikamwambia kazi zimenizidi. Kwa hiyo nilidanganya ili nioe, kisha sikuoa.

Kuna jambo moja zaidi. Siku bibi yako alipotoa hukumu sebuleni, sote tulikuwapo, baba yako, shangazi yako na mimi. Mama yako hakubishana na bibi. Aligeuka kwangu, akasema: "Shemeji, wewe ndiye mwenye hadubini. Ni mimi?"

Nikamjibu: "Chupa yako haikuota."

Akasubiri kidogo kama kuna sentensi nyingine inakuja. Haikuja.

Baba yako mkubwa


27 Machi

Baba Mkubwa,

Ninacho. Yule daktari mdogo alinionyesha kwenye kompyuta, akinyooshea kalamu. Alisema asingeambiwa pa kutazama pengine asingekiona. Ameniomba ruhusa ya kuwaonyesha walimu wake, nikamwambia hiyo ni juu yangu na mama yangu, asubiri.

Amenieleza mtoto anaweza kuja kwa njia nne. Anaweza asiguswe kabisa. Anaweza kuwa kama mimi, ukurasa umehama lakini upo. Anaweza kuwa na kipande cha ziada. Au anaweza kuwa kama Bosi. Maji ya mimba watayatoa Ijumaa. Halafu wiki mbili au tatu za kungoja.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Anashona mapazia katika chumba kimoja chenye dirisha kubwa, tepu shingoni. Alipofungua mlango alitazama tumbo kwanza, ndipo akatazama uso. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikajikuta natoa barua zako mbili mfukoni na kumsomea tu, nimesimama, kama karani mahakamani. Alikuwa akibana pindo la pazia kwa pini. Nilipofika kwenye sinki aliniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniambia tena. Nilipomaliza mara ya tatu alibana pini zilizobaki hadi mwisho wa kitambaa, akauliza Ijumaa naenda na nani. Nikamwambia mwenzangu ana kazi ya kuchomelea mageti, haiwezi kuahirishwa. Akasema atafunga duka.

Nilimwomba msamaha wa sweta. Alisema hakumbuki. Anakumbuka, Baba Mkubwa. Niliuona uso wake.

Sijui la kukuambia. Nikikasirika nakumbuka ungeweza kufa kimya nami nisijue cha kutazama. Nikilainika nakumbuka sinki. Mama ameomba anwani ya muuguzi, atakuandikia mwenyewe.

Kipipa


30 Machi

Shemeji,

Nakuita hivyo kwa kuwa sina neno jingine, na yaliyonijia mengine si ya kuandikwa.

Jana walimchoma mwanangu sindano tumboni, akanishika mkono. Kwa hiyo leo sina nguvu za kugombana nawe. Nitasema machache.

Baada yenu nilifuatwa na wanaume wawili, wote watu wema. Niliwakataa kwa sababu ya chupa yako. Sikutaka kuzaa mwingine nimzike. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Hilo siwezi kurudishiwa, wala sikuombi ulirudishe.

Nakuomba kitu kimoja. Mama yenu amekufa, mume wangu wa zamani amekufa. Aliyebaki kulisema jambo hili ni dada yako. Hulisema harusini, hulisema misibani. Kwenye msiba wa baba yake Kipipa aliniwekea kiti nje, juani, kando ya masufuria, akawaambia waliouliza kwamba mimi ndiye yule. Mwambie. Kwa mdomo wako, mchana, yeye akiwa macho na wewe ukiwa macho. Usimwachie barua ya kusomwa ukishazikwa. Watu wa aina yako hupenda hivyo.

Ukishamwambia niandikie alichosema. Nataka kujua.

Mama Kipipa


8 Aprili

Shemeji,

Nakuandikia kama ulivyoagiza. Inachukua siku tatu sasa kuandika ukurasa, utaona wino umebadilika.

Nilipanga kweli kumwachia barua. Ulinijua. Naogopa kufa kidogo, dada yangu namwogopa zaidi. Tangu mama afe yeye ndiye anayeamua katika nyumba hii ni saa ngapi.

Nilimwambia Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa anapiga pasi foronya, mimi kwenye kiti cha dirishani. Nilimweleza yote, kadi, sinki, Jumapili ile, mchumba. Sikuacha kitu kwa kadiri nilivyojua mwenyewe. Hakunikatiza, na hilo peke yake lilinitisha. Pasi ikawa inakwenda na kurudi juu ya foronya ileile mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Akaichomoa ukutani, akakaa.

Akauliza: "Na mimi?"

Nikamwambia sijawahi kumpima.

"Sikuulizi kama ulinipima. Nauliza kama ulijua."

Shemeji, labda hujui yote ya upande wake. Dada yangu alipoteza mimba nne. Mbili zilitoka kabla ya Bosi kuugua, mbili baada yake. Mtu mwenye kipande kilichohama anaweza kupoteza mimba namna hiyo, moja baada ya nyingine, bila kosa lolote. Hilo nilifundishwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Mume wake alisema ana tumbo bovu, akamwacha, ndipo dada akarudi kuishi na mama. Nami nilikuwa nikimletea maua hospitalini.

Nikamwambia nilijua kwamba inawezekana.

"Tangu lini?"

"Kabla ya ile ya tatu."

Aliikunja ile foronya iliyoungua, mara mbili, mara nne, akaiweka juu ya nyingine kana kwamba haina kasoro. Akatoka uani. Nilimwona kupitia dirishani amesimama tu, mikono imelegea, mtu ambaye sijawahi kumwona amesimama bila kazi.

Siku mbili hizi ananiletea chakula, dawa na maji ya kunawa kwa saa zake. Simu ikilia anaiacha ilie.

Uliniomba nikuandikie alichosema. Ni hayo. Katika barua zangu kwa Kipipa nilidhani nimefika chini kabisa ya maungamo yangu. Sikuwa nimefika. Yeye ndiye aliyefika, kwa swali moja.

Mimi


22 Aprili

Baba Mkubwa na Shangazi,

Nawaandikia wote wawili na naituma moja kwa moja nyumbani. Sitaki tena kupitisha barua kwenye mkoba wa presha.

Maji yamejibu. Ni msichana. Ana vyote, ila ukurasa wake umehama kama wangu. Kama wa baba, kama wako, Baba Mkubwa.

Daktari mdogo alianza na maelezo marefu, na nadhani aliyaandaa kwa wema, lakini nilikuwa sisikii kitu, natazama mdomo wake ukifunguka na kufungika. Mama ndiye aliyemkatiza. Alimwambia: "Mwanangu, hesabu nitakusikiliza baadaye. Niambie kama ni mzima." Akasema ni mzima. Mama akamwambia basi sasa endelea, akatoa miwani kwenye pochi ili asikilize vizuri, kana kwamba watu husikia kwa macho.

Alituambia mtoto hatakuwa na hatari ile ya Bosi, kwa sababu kipande anacho, popote kilipo. Siku yake ya kuzaa ikifika atapaswa kupimwa kama nilivyopimwa mimi, na mtu lazima awe amemwambia.

Usiku nilikuwa sijalala wiki tatu, Baba Mkubwa. Nilikuwa nikimwona Bosi amekaa mapajani mwa watu. Bado sijui kama nimekusamehe. Nimejaribu kulipima na halifungamani. Lakini mtoto huyu ningemngoja kwa hofu ya mtu asiyejua, au pengine ningemtoa kwa hofu hiyohiyo, kama usingeandika. Nataka ulijue hilo wakati bado unaweza kulijua.

Mama anasema hana la kukuambia. Kisha ameniuliza kama unakula.

Kipipa


30 Aprili

Wifi,

Hujawahi kupata barua yangu. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Kaka kalamu imemshinda tangu wiki iliyopita.

Barua ya Kipipa nilimsomea Alhamisi. Aliniambia hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia. Akasema tena hakusikia. Mara ya tatu nikamwambia umesikia, wacha ujanja, akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni mpaka masikioni. Sikumfuta. Nilikaa nikamtazama muda mrefu tu, nikiwaza wale wanne wangu. Kisha nikaona yanamwingia masikioni kweli na atalala na unyevu, nikachukua kitambaa nikamfuta. Mjibu Kipipa kwamba anakula, kidogo, uji na ndizi iliyopondwa, na akikataa namlazimisha.

Mimi pia nilikwenda kutoa damu. Aliyenipokea aliuliza mwanamke wa miaka sitini na sita anataka kujua haya ya nini. Nikamwambia aandike tu. Juzi majibu yalitoka. Ninacho. Nilikaa na karatasi ile kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Sasa lako. Umetendewa mabaya na watu wawili katika nyumba hii, na mmoja ameshaandika. Nami niseme langu. Miaka yote ile kila nilipokuingiza mdomoni kuna mtu alikuwa amenitazama tumbo. Nilikuwa nataka watazame kwingine, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nilijua ninachofanya. Chupa ya kaka sikuijua, lakini kiti kile nilikibeba mwenyewe nikakiweka juani. Nimewaambia mabinamu wote, mmoja mmoja, kwa simu, na nikaiweka kwenye spika ili walioko nao wasikie. Bibi mmoja aliniambia mambo ya zamani yaachwe. Nikamwambia sisi ndio tuliokuwa tukiyasema wiki iliyopita.

Sikuombi umsamehe kaka. Mimi mwenyewe nampikia tu, huko kwingine sijafika.

Lakini kuna huyu msichana anayekuja. Kipipa ameandika kwamba lazima mtu amwambie atakapokuwa mkubwa. Nimeliwaza hilo nikifua. Naomba tuwe mimi na wewe, tumekaa chumba kimoja, tukimweleza tangu mwanzo, pamoja na sehemu zetu mbaya. Kama unakubali, niandikie siku ya kuja, tuanze kuzoeana kabla hajazaliwa. Tumebakiwa na miaka ya kutosha kama tutajitunza. Kaka hatakuwapo, na Kipipa atalia kabla hajafika katikati.

Wifi yako